Kwa nini mpiga fidla Paganini aliwatikisa wapiga piano kuliko wapiga fidla wenzake?

#1 Upinde_Mrefu
Wakuu, salaam.

Kuna jambo linanisumbua kila nikisoma historia ya muziki wa Ulaya karne ya 19. Niccolò Paganini, mzaliwa wa Genoa mwaka 1782, alikuwa mpiga fidla. Lakini ukiuliza ni akina nani waliingia kumsikiliza wakatoka watu wengine kabisa, majina yanayokuja haraka ni ya wapiga piano.

Robert Schumann alimsikia Frankfurt mwaka 1830 akiwa bado anasomea sheria. Mwaka huohuo sheria akaiacha. Franz Liszt alimsikia Paris Aprili 1832, kijana wa miaka 20 aliyekwisha kuwa na jina, akarudi kwenye mazoezi kama vile ndio kwanza anaanza. Chopin naye alimsikia Warsaw mwaka 1829. Kisha wakaja ambao hawakumsikia hata siku moja: Brahms mwaka 1863, Rachmaninoff mwaka 1934, Lutosławski mwaka 1941. Wote watatu walichukua wimbo uleule, kaprisi namba 24 (ya mwisho kati ya vipande vyake 24 vya fidla pekee), wakautungia muziki wa piano.

Sasa wapiga fidla wako wapi? Nadai kwamba Paganini aliwafungia mlango watu wa chombo chake mwenyewe. Alikwenda mbali mno, wakabaki kumwiga tu. Mtu wa piano hakuweza kumwiga moja kwa moja, ikambidi abuni. Nipingeni.

#2 Sol_Fa
Mkuu, jibu liko kwenye wimbo wenyewe, wala si kwa mtu.

Chukua hiyo kaprisi 24. Wimbo wake wa msingi ni mfupi kiasi kwamba ukiusikia mara moja umeukariri. Sehemu ya kwanza inakwenda la na mi, la na mi, basi. Sehemu ya pili inashuka ngazi ambayo kila mwanamuziki anaijua usingizini: la, re, sol, do, halafu inarudi nyumbani. Hakuna pambo hata moja. Paganini mwenyewe aliugeuza mara 11 na kuweka hitimisho, na bado ukabaki na nafasi. Brahms akapata vigeuzo 28 katika madaftari mawili. Rachmaninoff akapata 24.

Wimbo uliojaa mapambo hauachi kazi kwa mwingine. Huu ni mifupa mitupu, kila mtu anauvika nyama yake. Angeandika wimbo mtamu zaidi, tungekuwa tumemsahau.

#3 Nyuzi6
Na sisi wa gitaa mmetuacha nje kabisa 😀

Paganini alipiga gitaa vizuri sana, na kazi zake zilizochapishwa akiwa hai zina gitaa kwa wingi. Ukienda mbele, Yngwie Malmsteen amesimulia mara nyingi jinsi alivyomwona Gidon Kremer kwenye televisheni akipiga Paganini, na ile mbio yote ya gitaa la umeme ikatokea hapo. Eliot Fisk yeye alizihamishia kaprisi zote 24 kwenye gitaa la nyuzi za nailoni. Kwa hiyo mleta mada, hoja ya piano imepungua.

#4 Mwalimu_wa_Nota
Namheshimu mleta mada ila dai la kwamba wapiga fidla hawapo si kweli.

Heinrich Wilhelm Ernst alimfuata Paganini mji kwa mji. Inasimuliwa kwamba alikodi chumba jirani na chake hotelini ili amsikilize akifanya mazoezi, na akaweza kupiga kwa kusikia tu vipande ambavyo vilikuwa bado havijachapishwa. Camillo Sivori alifundishwa naye mwenyewe tangu utotoni. Ole Bull wa Norwei, Henryk Wieniawski wa Poland, wote wamepita kwenye njia ileile. Karne ya 20 Nathan Milstein akatunga kazi nzima ya fidla pekee juu ya wimbo huohuo wa kaprisi 24.

La pili, tusimpe Paganini asili yote. Pietro Locatelli alichapisha kaprisi zake 24 ndani ya konseto za fidla (kazi za mpigaji mmoja na okestra) mwaka 1733, karibu miaka hamsini kabla Paganini hajazaliwa. Kaprisi ya kwanza ya Paganini ukiiweka kando ya ile ya saba ya Locatelli utaona undugu. Hata idadi ya 24 si bahati nasibu.

#5 Upinde_Mrefu
Mwalimu, shukrani. Majina nayajua, nami sijasema hawapo. Nauliza uzito. Ernst aliandika vitu vigumu kupita hata vya Paganini, lakini nani anavisikiliza asiyekuwa mpiga fidla? Liszt alitoka pale akabadilisha namna piano inavyoandikwa hadi leo. Mmoja alinakili ugumu, mwingine akaelewa kwamba ugumu wenyewe unaweza kuwa muziki. Hiyo ndiyo tofauti ninayotaka tuijadili.

#6 Mwalimu_wa_Nota
Sikiliza kazi ya Ernst ya fidla pekee juu ya ule wimbo wa Kiayalandi wa waridi la mwisho la kiangazi. Kidole cha mkono wa kushoto kinadonoa uzi huku upinde unaendelea kuimba juu ya uzi mwingine, mtu mmoja anasikika kama watatu. Ukimaliza uniambie kama ule si muziki.

#7 Fundi_Piano
Habari wana jukwaa. Mimi natengeneza na kusawazisha piano, nisemeni nimechelewa lakini naona mnazunguka penye jibu bila kuligusa.

Chombo chenyewe kilibadilika. Mwaka 1821 ilitolewa hataza (haki ya uvumbuzi) ya mtambo wa Sébastien Érard, ambao hadi leo ndio msingi wa ule uliomo ndani ya piano kubwa za jukwaani. Kabla yake, ili nyundo igonge tena ilibidi kibonyezo kirudi juu kabisa. Kwa mtambo wa Érard kibonyezo kikipanda sehemu tu ya safari yake, kile kijiti kinachosukuma nyundo kimesharudi chini yake, nyundo iko tayari. Ukifungua piano ukabonyeza taratibu utaona nyundo inabaki imeshikwa karibu na nyuzi badala ya kuanguka chini kabisa, inangoja. Nikimwonyesha mteja hapo huwa anakaa kimya.

Sasa fikirieni. Upinde wa fidla unaweza kurukaruka juu ya uzi na kutoa nota moja mara nyingi kwa kasi. Piano ya zamani haikuweza kumjibu. Liszt alipomsikia Paganini mwaka 1832, alikuwa kijana aliyelelewa kwenye piano za Érard, yaani tayari ana chombo mkononi kinachoweza kujibu. Miaka thelathini nyuma Paganini angewasisimua tu, wasingekuwa na cha kufanya.

Na fidla? Ilikuwa imeshafika. Fidla ya Paganini yenyewe, ile waliyoiita Kanoni kwa ukubwa wa sauti, ilitengenezwa na Guarneri mwaka 1743. Ilirekebishwa shingo na vitu vidogo, lakini ni chombo kilekile. Wenzake hawakuwa na kitu kipya cha kushika.

#8 KinandaMweusi
Fundi, umeua kabisa. 👏

Naongezea kutoka kwenye kiti cha mpigaji. "La Campanella" ya Liszt imetoka kwenye sehemu ya mwisho ya konseto ya pili ya Paganini, pale ambapo kengele ndogo inajibizana na fidla. Liszt akaichukua kengele akaiweka juu kabisa upande wa kulia wa kinanda, nota moja inagongwa tena na tena huku wimbo unapita chini yake. Mkono uleule unafanya yote mawili. Mimi nimeishi na kipande hiki kwa miaka na ninachoweza kuwaambia ni kwamba ugumu wake hauko kwenye kasi. Uko kwenye kidole kidogo kuruka mbali na kutua juu ya kibonyezo cheusi chembamba bila kukipiga kwa nguvu. Ukiogopa unagonga, ukigonga kengele inageuka nyundo.

Pia jueni kuna matoleo mawili. La mwaka 1838 lina nota nyingi mno. La 1851 Liszt alipunguza, na ndilo watu wote wanapiga. Yaani ilimchukua zaidi ya miaka kumi kuelewa kwamba alichosikia kwa Paganini hakikuwa wingi wa nota. Hilo linamuunga mkono mleta mada.

#9 Mganga_wa_Viungo
Wakuu, kuna upande wa mwili. Madaktari wa karne ya 20 walipendekeza kwamba Paganini alikuwa na ugonjwa wa kurithi wa tishu unganishi, wengine wanasema Marfan, wengine Ehlers-Danlos. Viungo vinalegea, vidole vinapinda kupita kawaida. Kama ni kweli, basi wapiga fidla hawakumfikia kwa sababu hawakuwa na mikono ile, na dai la mlango kufungwa lina maelezo rahisi ya kimwili.

#10 Bibi_Okestra
Mganga, pole kidogo hapo. Francesco Bennati, daktari aliyemtibu Paganini, aliandika mwaka 1831 kwamba mkono wake haukuwa mkubwa kuliko wa watu wengine. Kilichomshangaza ni jinsi ulivyonyumbulika. Na leo kaprisi zote 24 zinapigwa na vijana wenye mikono ya kila umbo. Ruggiero Ricci, aliyerekodi zote bila kusindikizwa mwaka 1947, alikuwa mtu mfupi. Ugonjwa haufundishi mtu kutunga.

#11 Mganga_wa_Viungo
Nakubali kuhusu ukubwa. Lakini kunyumbulika ndiyo hoja yenyewe ya Ehlers-Danlos, kwa hiyo Bennati umemwita awe shahidi wangu 🙂

#12 Bibi_Okestra
😂 Haya, nakuachia kiungo kimoja tu, kidole gumba.

#13 Msomaji_Kimya
Huwa nasoma tu sichangii, leo nimeshindwa.

Mnazungumzia msisimko kana kwamba ni zawadi tupu. Schumann mnayemtaja aliharibu mkono wake wa kulia akiwa bado kijana, ndoto ya kuwa mpiga piano wa jukwaani ikafia hapo. Sababu inabishaniwa: wapo wanaosema ni kifaa cha kunyooshea vidole, wapo wanaosema ni dawa ya zebaki, wapo wanaosema ni ugonjwa wa neva unaowapata wanamuziki. Lakini ni kipindi kilekile alichokuwa anaandika piano juu ya kaprisi za Paganini, ile seti ya kwanza ya mwaka 1832, na akaweka humo utangulizi mrefu wa mazoezi ya vidole.

Nimeguswa kwa sababu nimepitia. Nilikuwa na mwalimu aliyenipa kaprisi ya tano mapema mno kwa sababu aliona nina kasi. Mkono wa kushoto ulianza kuuma kwenye kifundo, nikaambiwa maumivu ni sehemu ya kazi. Leo napiga sauti ya pili kwenye kwartet, kundi la wapigaji wanne, na ninapenda maisha yangu, ila zile nota za haraka sizigusi. Nikisoma "aliwatia moyo wanamuziki" nakumbuka na waliovunjika.

#14 KinandaMweusi
Pole sana Msomaji. Mwalimu anayesema maumivu ni kawaida anapaswa kukatazwa kufundisha. Maumivu ni taarifa, unaacha, unatafuta kilichokaza.

#15 Mganga_wa_Viungo
Nakazia. Na ganzi ikianza usingoje hata wiki, muone mtaalamu.

#16 Sol_Fa
Turudi. Kuna maelezo mengine hamjayagusa: usiri. Paganini hakuchapisha konseto zake alipokuwa hai. Mbili za kwanza zilitoka mwaka 1851, miaka 11 baada ya kifo chake. Kwenye mazoezi na okestra alikuwa anagawa karatasi za wenzake na kuzikusanya mwenyewe, na sehemu ya fidla pekee hakuipiga yote. Kwenye konseto ya kwanza alikaza nyuzi zake nusu sauti juu: okestra inasoma mi bemoli (mi iliyoshushwa nusu sauti), yeye vidole vyake viko kwenye re, fidla inang'aa na wenzake ukumbini hawaelewi inawezekanaje.

Sasa mpiga fidla akisikia vile anabaki anawinda siri. Mpiga piano hana haja na siri ya nyuzi, anachukua wazo anaondoka nalo.

#17 Nyuzi6
Hapa naona umejibu vizuri kuliko ile ya #2.

#18 Mwalimu_wa_Nota
Sol_Fa, usiri ni nusu ya habari. Kaprisi 24 zilichapishwa na Ricordi wa Milano mwaka 1820 kama Opus 1, yaani kazi yake namba moja, na Paganini hakumtunukia mfalme wala tajiri yeyote. Aliandika kwamba ni kwa wasanii. Yaani kila kitu muhimu cha mkono wa kushoto na upinde kilikuwa sokoni miaka minane kabla hajatoka Italia kwenda Vienna. Mtu anayeficha hafanyi hivyo. Nikilifikiria lile neno moja la kutunukia naona ndipo penye jibu la mada nzima: aliwalenga wanamuziki wenzake wote, hakusema wapiga fidla.

#19 Upinde_Mrefu
Mwalimu, hii sikuwa nimeiunganisha hivyo. Inaendana na yaliyompata Liszt na Schumann.

#20 Bibi_Okestra
Mimi napiga viola, ile ndugu ya fidla iliyo kubwa kidogo na yenye sauti ya chini zaidi, na chombo changu kina sehemu yake katika hadithi hii.

Paganini alipata viola ya Stradivari akamwomba mtunzi Hector Berlioz amtungie kitu cha kuipiga. Berlioz akaanza, Paganini akaona sehemu yake ina mapumziko mengi kuliko alivyotaka, akajitoa. Kazi ikatoka mwaka 1834 bila yeye, simfoni yenye viola inayotembea katikati ya okestra kama msafiri. Desemba 1838 ndipo Paganini akaisikia kwa mara ya kwanza. Wakati huo koo lilikuwa limeharibika hata sauti ya kusema hana, mwanawe Achille ndiye anamsemea. Alipiga magoti mbele ya Berlioz jukwaani, mbele ya wanamuziki. Siku chache baadaye ikaja hundi ya faranga 20,000. Berlioz akalipa madeni, akaacha shughuli nyingine, akatunga simfoni yake ya Romeo na Juliet na kumtunukia Paganini.

Huyu hakumwiga Paganini kwa lolote. Berlioz hakuwa mpiga piano wala mpiga fidla, alipiga gitaa na filimbi. Kwa hiyo maelezo ya mtambo wa Érard, samahani Fundi, hayamfikii.

#21 Fundi_Piano
Bibi, Berlioz alipewa pesa. Liszt alipewa wazo. Ni vitu viwili tofauti.

#22 Bibi_Okestra
Pesa inayompa mtunzi muda wa kutunga ni wazo tosha kaka.

#23 Sol_Fa
Na hata hiyo pesa ina ubishi wake. Wapo walioandika baadaye kwamba faranga zile zilitoka kwa Armand Bertin, mwenye gazeti ambalo Berlioz alikuwa analiandikia, na Paganini alikubali tu kutumika jina lake. Kumbuka kipindi hicho alikuwa amepata hasara kwenye ule ukumbi wa burudani wa Paris uliobeba jina lake.

#24 Bibi_Okestra
Nimeusoma uvumi huo. Watu walishazoea kumwona bahili, wakashindwa kuamini. Berlioz mwenyewe aliamini hadi mwisho kwamba ni Paganini. Mimi namfuata Berlioz.

#25 Nyuzi6
Na zile habari za kwamba aliuza roho kwa shetani mbona hakuna anayezitaja? Si ndizo zilizojaza kumbi?

#26 Mwalimu_wa_Nota
Zilijaza kumbi, na zilimtesa. Aliandika gazetini Paris kukanusha. Alipofariki Nice tarehe 27 Mei 1840 askofu alikataa azikwe kwa taratibu za kanisa, mwili ukahamishwa huku na kule, akapata kaburi Parma mwaka 1876. Miaka 36 mtoto anamtafutia baba yake pa kulala. Kwangu hilo si burudani.

Kimuziki limeacha alama moja: Rachmaninoff ndani ya rapsodi yake, ile kazi ya 1934 juu ya kaprisi 24, ameingiza wimbo wa kale wa misa ya wafu, unausikia kwenye kigeuzo cha 7, cha 10 na kile cha mwisho.

#27 KinandaMweusi
Na kigeuzo cha 18, kile ambacho hata asiyejua muziki amekisikia mahali, ni wimbo wa Paganini uliopinduliwa juu chini. Pale palipopanda panashuka, palipohuzunika panacheka. Jaribuni polepole kwa kidole kimoja mtauona.

#28 Upinde_Mrefu
Kabla hatujatawanyika, kuna jambo la Liszt. Paganini alipofariki, Liszt ndiye aliyeandika makala ya kumuaga mwaka huohuo wa 1840, na hakumsifia tu. Alisema Paganini alijifanya yeye mwenyewe kuwa lengo la sanaa, na kwamba msanii wa baadaye aone kipaji kuwa deni. Mtu aliyemwasha ndiye aliyemkosoa waziwazi. Baadaye Liszt alifundisha wanafunzi wengi Weimar bila kuwatoza ada.

Hapo ndipo bado nasimama: mpiga piano alipata umbali wa kutosha wa kumchambua. Mpiga fidla alikuwa chini ya kivuli.

#29 Mwalimu_wa_Nota
Au mpiga fidla hakuwa na gazeti la kuandikia. 🙂 Sivori alipokea fidla na mafunzo, akaenda kupiga dunia nzima. Huo nao ni uchambuzi.

#30 Msomaji_Kimya
Nimejifunza mengi, asanteni. Kwa anayetaka kuanza kusikiliza bila kutishwa, aanzie wapi? Binti yangu anaanza fidla.

#31 Bibi_Okestra
Asianze na 24. Mpe kaprisi ya 9, ile ya mawindo: upinde unapita kwenye nyuzi mbili za juu unaiga filimbi, halafu nyuzi mbili za chini zinajibu kama pembe. Ataelewa mchezo mara moja. Msikilizishe Salvatore Accardo, mshindi wa shindano la fidla la Genoa la mwaka 1958, anaimba kwanza ndipo anakimbia. Kanoni yenyewe ipo Genoa hadi leo, Paganini aliiachia mji wake, na baadhi ya washindi huruhusiwa kuipiga.

#32 Fundi_Piano
Ninyi endeleeni, lakini bila ile hataza ya 1821 hakuna La Campanella. Hapo sitoki.

#33 Sol_Fa
Fundi, Brahms kigeuzo cha kwanza kabisa kimejaa sauti za sita sambamba (nota mbilimbili, ya juu ikiwa ya sita kuhesabu kutoka ya chini) mkono wa kulia, hakuna nota inayogongwa mara mbili kwa kasi. Mtambo unamsaidia nini hapo? Jibu hilo kwanza.